Mbegu ya Jirani

Hapa Mponde mwenzako akija kukutembelea huja na chochote, hata mbegu za msambu, mti wetu wa mafuta. Ukizipokea, muulize mambo mawili.

Kwanza, je, zimeanikwa? Zilizoanikwa ni za kukamua mafuta au kuuza. Za kupanda zitoke mbichi katika tunda lililoanguka lenyewe, zikae kwenye udongo wenye unyevu. Kisha subiri, huchukua miezi mingi kuota, pengine zaidi ya mwaka. Mimi baada ya miezi 4 nilizimwaga jalalani, nikasema jirani kanipa mbegu mbovu. Tukanuniana. Masika yaliyofuata zikachipua palepale jalalani! Nilikwenda kumwomba radhi.

Pili, zimetoka mti gani? Msambu una dume na jike, na dume hauzai. Mche wa mbegu hautambuliki mpaka utoe maua, na huenda ukangoja miaka 10 au zaidi. Basi panda miche kadhaa, au omba kikonyo cha mti unaozaa, ukibebeshe.

Nawe ukijaliwa miche, mkumbuke aliyekupa mbegu.