Swichi za kokpiti yangu natafuta Kariakoo, sio stoo ya hospitali (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala, nimeamka, chai nimeshakunywa. Tuendelee pale tulipoishia.

Kwa wageni: mimi ni nesi, na kwenye kona ya sebule yangu hapa Dar nimejenga kwa plaiwudi chumba cha rubani cha Cessna 172, cha kurushia ndege ya kwenye kompyuta. Ndiyo, nesi. Ndiyo, ndege. Sehemu tatu zilizopita nilieleza kiti, dashibodi na skrini. Leo ni zamu ya swichi, na leo nina neno la kusema.

1.
Neno lenyewe limeanzia kwenye maoni ya sehemu ya tatu. Ndugu mmoja aliandika: "Dada unahangaika nini na maduka? Hospitalini kwenu si kumejaa mashine mbovu? Ingia stoo na bisibisi, chomoa swichi, bure kabisa." Watu wakacheka, laiki zikamiminika.

Jibu langu fupi ni hapana. Jibu refu ndo hili hapa. Ila sitaki kuja na mawaidha matupu, kwa hiyo kwanza nakuonyesha swichi za bei nafuu zinapatikana wapi, ili usibaki na kisingizio.

2.
Kwa nini nihangaike na swichi wakati mausi inafanya kazi ileile? Miaka kadhaa nyuma nilimsindikiza mgonjwa wa rufaa kutoka Mafia kuja Dar kwa kindege kidogo, Caravan, injini moja. Nilikaa karibu kabisa na rubani. Kilichonishangaza sio bahari kule chini, ni mkono wake. Macho yako nje, mkono unakwenda wenyewe, unagusa, unapandisha, unarudi. Hatazami. Nikasema huyu anafanya kama sisi tunavyotafuta mshipa kwa kidole. Mausi haiwezi kukufundisha hilo. Swichi inaweza.

3.
Sasa hesabu. Paneli ya swichi iliyotengenezwa tayari huko nje inauzwa zaidi ya dola 100, na hapo hujaweka usafiri wala ushuru. Mshahara wa nesi wa diploma mnaujua, tusiaibishane.

Cessna 172S ukiihesabu swichi zake kuu hazitishi: betri na alteneta, pampu ya mafuta, taa tano (ya kumulika juu, ya kutua, ya kutembelea ardhini, za mabawani na za kumwekamweka), ya kupasha joto kile kibomba cha kupimia mwendo, na mbili za redio na vyombo. Jumla 11. Ongeza ufunguo wa kuwashia na mpini wa flapu. Basi. Hiyo ndo orodha ya kwenda nayo sokoni. Ukienda bila orodha utarudi na mfuko wa swichi 30 na nusu yake hazina kazi. Nasema kwa uzoefu, mfuko ninao hapa.

4.
Wapi pa kuzipata. Mimi nimepita sehemu nne.

Ya kwanza, spea za magari na pikipiki. Watu wengi wananunua zile swichi za kichwa cha chuma cha kupandisha na kushusha kwa sababu zinaonekana "za ndege". Lakini 172S yenyewe inatumia swichi bapa, za kubonyeza upande mmoja na kulala upande wa pili, kama ile ya kwenye ekstensheni. Hizo wauza spea wanazo, za taa za ukungu na taa za ziada. Swichi ya ufunguo nayo nimeipata huko, ya gari la mtumba. Haiko sawa kabisa, maana ya ndege ina nafasi tano na ya gari nyingi zina nne, lakini kuwasha kwa ufunguo kuna raha yake.

Ya pili, maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo. Hapo usiseme majina ya kwenye mtandao, utaambiwa hakuna. Sema miguu. Miguu miwili ni ya kuwasha na kuzima tu. Miguu mitatu inachagua kati ya njia mbili. Miguu sita ni kama mbili za miguu mitatu kwenye mwili mmoja. Kwa kazi yetu miguu miwili inatosha, usilipie sita. Zangu nyingi nililipa kati ya 1,000 na 2,000 moja, baada ya muuzaji kuanza na 5,000 akaona nimeanza kuondoka.

Ya tatu, vitu vilivyokufa nyumbani kwako. Redio mbovu, kibodi iliyomwagikiwa chai, pedi ya gemu ambayo mtoto ameivunja mkono. Ile pedi hata ikifa kimwili, bodi yake ndani mara nyingi ni nzima: unachomea waya pale kitufe kilipokuwa, unapeleka kwenye swichi yako, na kompyuta inaiona kama pedi ya kawaida. Tahadhari: usifungue UPS au kitu chochote cha umeme wa ukutani kama hujui. Mimi natunza majeraha ya umeme, sitaki kukupokea.

Ya nne, kuagiza China, kwa vile vidude vya kuzungusha bila mwisho ambavyo madukani sikuvipata. Ungana na wenzako mgawane usafiri, na usiwe na haraka.

Na bodi ya kuunganishia: tafuta Pro Micro yenye chipu ya ATmega32U4. Hiyo inajitambulisha kwa kompyuta moja kwa moja kama kifaa cha gemu. Uno ya kawaida haifanyi hivyo bila kuichezea, usinunue kwa kazi hii. Pro Micro ina pini 18, kwa hiyo swichi zako 11 zinaingia kila moja na pini yake. Huna haja ya ufundi mkubwa.

5.
Sasa kuhusu bei, hapa natofautiana na wengi.

Wauzaji watakwambia, "Dada chukua hii ya ampea 15, ngumu hii, haifi." Achana nayo. Swichi ya kokpiti yetu inapitisha volti 5 na mkondo usiofika hata miliampea moja. Ile ya ampea 15 imetengenezwa kwa mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa ndo unaisaidia kuunguza ule utando unaojijenga kwenye chuma chake cha ndani. Ukiipa mkondo mdogo, baada ya muda inaweza kuanza ujinga: unawasha, haiwaki, unarudia, inawaka. Umelipa zaidi kupata kibaya zaidi.

Lakini pia usinunue yoyote ile mradi rahisi. Nenda na mita, iweke kwenye mlio, shika miguu miwili, washa na zima mara 20 pale pale dukani. Mlio ukikatika hata mara moja, rudisha. Muuzaji akinuna, mwache anune. Sisi wodini kila zamu tunawasha taa ya laringoskopu kabla mgonjwa hajaja, hatusubiri aje ndo tujue imekufa. Ni tabia ileile.

Na usinunue zote za kufanana. Nilifanya kosa hilo. Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, alikuwa anatua usiku, taa za sebule tumezima. Anatafuta taa ya kutua, akazima betri. Skrini za ndege zikafa zote. "Mama mdogo, zote zinafanana!" Na kweli.

Kosa hilo ni la zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani wa Marekani wa B-17 walikuwa wanatua salama kabisa, halafu ndege ikiwa chini wanakunja magurudumu badala ya flapu. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaona marubani sio wazembe: swichi mbili zilikaa jirani na zilifanana. Dawa yake ikawa kuweka kagurudumu ka mpira kwenye swichi ya magurudumu na kipande cha umbo la kabari kwenye ya flapu, mkono ujue bila macho. Hospitali nako kiungio cha oksijeni hakiingii kwenye tundu la hewa ya kawaida, kwa akili hiyohiyo. Kwa hiyo betri yangu sasa ni swichi nyekundu, pana kuliko zote. Hapo ndo pa kuongeza hela. Kwingine bana.

6.
Sasa turudi kwa yule ndugu na stoo ya hospitali.

Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, wodini tulikuwa na mashine ya kufyonza imeandikwa MBOVU kwa kalamu ya wino mzito. Imekaa kona miezi. Nitakuwa mkweli: nilishaisimamia siku moja nikaiangalia ile swichi yake, bapa, nyekundu, mlio wake mtamu, nikasema moyoni, hii ingependeza pale kwangu. Sikuigusa. Lakini niliitamani.

Usiku mmoja akaletwa mtoto, kifua kimejaa makohozi, anahitaji kufyonzwa sasa hivi. Mashine yetu nzima iko kwa mgonjwa mwingine. Mwenzangu akakimbia wodi ya pili kuazima. Aliipata, mtoto akapona, nashukuru Mungu. Ila zile dakika za kumshika mtoto nikisikiliza miguu ya mwenzangu kwenye korido, sijazisahau.

Asubuhi fundi wa vifaa tiba akaiburuta ile iliyoandikwa MBOVU akaifungua. Akaniita. "Sista, njoo uone." Pale swichi ilipokuwa, pana shimo la mstatili na waya mbili zimefungwa utepe mweusi. Mota nzima. Pampu nzima. Kulikuwa na hitilafu ndogo tu ya bomba, halafu mtu akapita na bisibisi. "Hii haikufa," akasema, "imeuawa." Kupata swichi sahihi kwa utaratibu wa hospitali kulichukua wiki kadhaa. Swichi!

Sijui ilikwenda wapi. Labda kwenye redio ya mtu. Labda kwenye mradi mzuri tu kama wangu.

7.
Ndo maana nasema hapana. Neno MBOVU kwenye kifaa cha hospitali halimaanishi kimekufa. Mara nyingi linamaanisha kinasubiri: spea, fundi, sahihi ya mtu. Kina namba ya mali, na kuna utaratibu wa kukiondoa kwenye vitabu. Mpaka siku hiyo, swichi iliyo juu yake ina mwenyewe, na mwenyewe yuko kitandani. Tena hiyo mashine imepitisha damu na makohozi ya watu, utailetea watoto sebuleni?

Na wewe usiye wa hospitali, ukiletewa swichi nzuri kwa bei ya kutupa, uliza imetoka wapi. Akijibu "kuna jamaa yangu ofisini kwao", mrudishie.

Mimi mbele ya paneli yangu nataka kuzima na kuwasha nikiwa na amani. Swichi 11, zote nimezilipia au zimetoka kwenye takataka yangu mwenyewe. Hazifanani sana, moja ina hata picha ya taa ya ukungu ya gari. Ila mtoto wa dada juzi ametua usiku bila kuangalia chini hata mara moja.

Sehemu ya 5 ni kuunganisha waya, tutaanza na betri. Wewe swichi zako umepata wapi, na kwa shilingi ngapi? Andika hapo chini tusaidiane, mikoani hasa. Naingia tena zamu saa mbili usiku, nitawajibu nikitoka.