Usimpe Mtu wa Peke Yake Silaha ya Watu Wanne

Pale kwenye kibanda cha kuchaji simu, mtu akifika na Monster Hunter Freedom Unite mpya kwenye simu yake, hata hajauliza kitu ameshaambiwa: "Chukua upanga mkubwa bana, hizo zingine ni silaha za watoto." Nimeyasikia maneno hayo mpaka nimechoka. Wanaoyasema ni marafiki zangu, lakini wanapotosha watu, na watu wenyewe wamelipia chaji kwa hela yao.

Kwa nyinyi wahudumu msioujua mchezo huu: ni wa kampuni ya Capcom ya Japani, ulitengenezwa kwa ajili ya PSP, ukatoka kwao 2008 na nchi nyingine 2009. Sisi tunaucheza kwenye simu kwa programu ya PPSSPP. Unapewa kazi ya kuwinda dude kubwa, kwa kawaida ndani ya dakika 50. Ukizimia, paka wanakubeba kwa mkokoteni na kukumwaga kambini (kambi ya mchezoni, siyo hii yetu), na malipo yako yanakatwa. Ukizimia mara tatu, kazi imeshindikana. Dakika 50 zimeenda, chaji imeenda. Silaha ziko aina 11, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Sisi tulikuwa wanne. Mimi nilikuwa mtu wa baragumu. Baragumu unalipiga kichwani mwa dude kama nyundo, ila pia unalipuliza, na wenzako wote wanaongezewa nguvu au kinga. Nilijivunia sana kazi hiyo. Halafu wawili wakapata safari ya Marekani mwaka mmoja, wa tatu akahamia kwa shangazi yake upande mwingine wa kambi, nikabaki mimi na baragumu langu. Nikaenda kwa Tigrex. Nikasimama kupuliza, maana ukipuliza huwezi kutembea, na hapakuwa na mtu wa kumvuta aangalie kwingine. Akanipanda. Nikarudi kesho yake, akanipanda tena. Ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba kosa si vidole vyangu.

Sasa hebu tuuangalie huo upanga mkubwa. Hakuna anayebisha kwamba unaumiza. Unabonyeza na kushikilia, nguvu inapanda hadi ngazi ya tatu, ukiachia dude linalia. Lakini jamani, nani anakupa muda wa kushikilia? Mkiwa wanne, dude linamgeukia mwenzako, nawe unajipangia pigo lako taratibu nyuma yake. Ukiwa peke yako linakutazama wewe tu, tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Anayelijua dude kwa moyo, anayejua litageuka lini, huyo ataumudu upanga mkubwa, tena vizuri sana. Lakini huyo hahitaji ushauri wa kibandani! Tunayemshauri ni yule aliyeanza jana.

Na wale wa bunduki nao? Aina nyingi za risasi zinanunuliwa au unazitengeneza, zikiisha zimeisha, na mavazi ya mpiga bunduki ni mepesi kuliko ya mwenye panga. Upinde angalau mishale yake ya kawaida haiishi. Upanga mrefu, ambao tuliuchukia kwenye kundi kwa sababu ulikuwa unatuangusha sisi wenyewe, mtu wa peke yake anaweza kuupenda, ila hauna ngao hata kidogo.

Mimi nasema mtu wa peke yake ajiulize swali moja: mambo waliyokuwa wakinifanyia wenzangu, silaha gani itaniwezesha kuyafanya mwenyewe? Jibu langu ni upanga mfupi na ngao. Ndiyo, ile ile mnayoiita ya watoto. Ni silaha pekee inayokuruhusu kunywa dawa au kurusha bomu la mwanga bila kwanza kuirudisha mgongoni. Kwenye kundi sekunde zile mbili tatu si kitu, mwenzako anakukinga. Peke yako, hizo ndizo zinazokupandisha mkokoteni. Pigo lake ni dogo, sikatai, na makali yanaisha haraka, kwa hiyo beba vinoo vya kutosha. Lakini mapigo ni mengi, na kama upanga wako una sumu au wa kupoozesha, wingi huo ndio unaolilaza dude. Mkuki ni wa pili kwangu: ngao nzito, ila dude likihama unalifuata kama mzee.

Tena ukumbuke, kazi za bibi mkuu wa kijiji cha Pokke zilipangiwa mtu mmoja, lakini zile za ukumbi wa chama, uhai wa dude haupungui hata ukienda peke yako. Kumcheka mtu aliyeshindwa pale bila wenzake ni ujinga.

Mhudumu mmoja aliwahi kuniona nacheza nje ya nyumba akaniuliza kama nina upweke, kalamu iko mkononi. Alikuwa na nia njema. Lakini kucheza peke yangu si ugonjwa wa kuandikwa kwenye fomu, ni hesabu tu: tulikuwa wanne, watatu wameondoka. Nina paka wa kuajiriwa anayenisindikiza mawindoni, na nina ngao.

Vijana wa kibandani, kama mnabisha, njooni Jumamosi simu zikiwa zimejaa. Tigrex, kila mtu peke yake, mimi na kiupanga changu, nyinyi na mapanga yenu. Ila hakuna kuhifadhi mchezo katikati ya pambano halafu kurudi nyuma ukipigwa. Nawajua.