Gumegume ya Babu Si Chuma Chakavu

Katika likizo ya Desemba iliyopita wenzangu wengi walicheza mpira, na wengine walisaidia mashambani. Mimi pia nililima, lakini kila alasiri niliketi chini ya mwembe pamoja na Babu, tukiitengeneza bunduki ya kale ambayo baba yake aliirithi kwa baba yake. Niliporudi shuleni nikawasimulia wenzangu bwenini, nao wakacheka. Mmoja akasema, "Hilo ni gobori tu. Lipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, upate nauli." Nimeona yafaa nimjibu katika gazeti letu, maana nadhani wenye mawazo kama yake ni wengi.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Gobori ni bunduki yoyote inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu. Nyingine huwashwa kwa fataki. Ya Babu ni ya namna ya zamani zaidi, yaani gumegume. Mtambo wake hushika kipande cha jiwe gumu. Ukifyatuliwa, jiwe hupiga bamba la chuma, cheche huangukia baruti kidogo iliyo katika kisahani, na moto hupita katika tundu dogo hata kuifikia baruti iliyo ndani ya mtutu. Mtutu na mtambo vilitoka ng'ambo, lakini kitako kilichongwa kwetu Urambo kwa mti wa mninga, kwa mikono ya fundi ambaye jina lake limesahauliwa. Mahali kilipopasuka pamefungwa ngozi mbichi ya ng'ombe, nayo ilipokauka ikabana kama pete ya chuma.

Kwa miaka mingi bunduki hiyo ilikaa darini kwa ndugu yake Babu, nasi wajukuu tuliichezea. Tulielekezeana mtutu huku tukipiga kelele za "Puu!" Mzee huyo alipofariki, baba yangu mdogo alitaka iuzwe kwa kilo pamoja na majembe mabovu. Babu akakataa. Alichukua barua kwa mtendaji wa kijiji, akaenda polisi kuomba kibali cha kuimiliki, kama sheria inavyotaka. Huko askari mmoja mwenye ujuzi wa silaha za kale aliingiza mdeki mtutuni mpaka ukagota, akaweka alama kwa kidole, kisha akaulaza mdeki huo juu ya mtutu kwa nje. Ulikoma vidole vinne kabla ya kufika kwenye tundu la moto. Maana yake ndani mlikuwa na kitu. Bunduki ile ilikuwa imeshindiliwa, na hakuna aliye hai ajuaye ni tangu lini.

Babu aliponisimulia habari hiyo sikulala vizuri usiku ule. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa uzee. Kama tungeiuza, labda mtu angeutia mtutu ule motoni ili aukate. Basi, kabla ya kitu kingine chochote, nawaambia wenzangu: ukiona bunduki ya kale nyumbani usiiguse, usiichezee, wala usijifanye fundi. Mwambie mkubwa, naye apeleke habari kwa wenye madaraka.

Wataalamu walipoishindua na Babu akapata kibali chake, ndipo alipokubali nimsaidie, tena mbele ya macho yake tu. Kazi ikiisha huifungia sandukuni, na ufunguo huuvaa shingoni.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Siku ya pili Babu alikwenda msikitini, akaniachia kitako peke yake nikipanguse kwa kitambaa na mafuta. Mimi nilitaka kumfurahisha. Nikachukua msasa, nikasugua mpaka mninga ukang'aa kama meza mpya. Babu aliporudi alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, zile alama ziko wapi?" Upande mmoja wa kitako palikuwa na mikato midogo iliyopangwa safu, aliyoitia baba wa baba yake. Labda ilihesabu wanyama, labda safari. Babu alikuwa akingoja nikue kidogo anieleze aliyoyasikia juu yake. Sasa imebaki mitatu tu. Hakunipiga, lakini afadhali angenipiga.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kutengeneza kitu cha kale si kukifanya kiwe kipya. Kutu nyekundu, ile inayokula chuma, tunaiondoa polepole kwa mafuta na kitambaa. Weusi wa uzee tunauacha. Ngozi ya ng'ombe, ambayo mwanzo niliiona mbaya na kutaka kuibandua, tumeiacha pia, kwa sababu ndiyo inayotuonyesha akili ya fundi wetu. Wala hatuna nia ya kuipiga tena. Chuma cha umri huo chaweza kupasuka na kumuua mpigaji.

Wenzangu wengine husema kwamba gumegume ni ushahidi wa ujinga wa wazee wetu, waliobaki na mawe wakati Ulaya ilikuwa na silaha bora. Nawaomba wasome historia. Ni kweli kwamba jeshi la Uingereza lilikuwa limeanza kuziacha gumegume kabla ya mwaka 1850. Lakini mwaka 1890, katika mkutano wa Brussels, mataifa yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, na yakaacha nafasi ya kuruhusu gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Lakini miaka hiyo hiyo majeshi yao yalikuwa yakiingia nchini mwetu na bunduki za kisasa. Basi wazee hawakuchagua silaha ya zamani kwa ujinga. Mlango wa nyingine ulikuwa umefungwa. Jambo hilo nililielewa nilipotia kidole mtutuni na kukuta ndani ni laini, hamna mfuo hata mmoja.

Mwalimu mmoja aliniuliza kama si vibaya kijana kuipenda silaha. Swali lake ni la haki. Bunduki za namna hii zilinunuliwa kwa pembe za ndovu, na nyingine zilitumika kuteka watu. Hata Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884 na ambaye jina lake limo katika jina la Urambo, alijenga nguvu zake kwa bunduki. Mimi siisifu. Lakini tukiyeyusha kila kitu kinachotuonea haya, wadogo zetu watajuaje yaliyotokea? Ikiwa imefungiwa sandukuni na haina baruti, haimdhuru mtu, na bado inafundisha.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wazazi wetu, msiviuze vitu vya wazee kwa kilo kabla ya kuuliza habari zake. Na kama kitu chenyewe ni silaha, fuateni sheria kwanza. Walimu wetu, mtupe nafasi katika chama cha historia tuandike habari za vitu vya kale vilivyomo majumbani kwetu, pamoja na maneno ya wazee wanaovijua.

Cha kale dhahabu, walisema wahenga. Mimi nimeipoteza sehemu ya dhahabu hiyo kwa msasa wa shilingi chache. Likizo ijayo nitakwenda na daftari, nimwombe Babu anieleze ile mikato mitatu iliyobaki.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne