Intaneti ya Polepole: Usimwuze Mbuzi Kwanza

Mwaka jana nyumbani kwetu tulikaribia kugombana kwa ajili ya intaneti. Binti yetu alikuwa akijaza fomu ya kuomba chuo, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Fomu ikagoma kwenda. Nikasema, "Ruta hii imezeeka. Asubuhi namwuza mbuzi, tununue nyingine." Mama watoto akajibu, "Baba Regina, usiache mbachao kwa msala upitao. Tuitazame kwanza." Alisema kweli.

Ruta yetu hutumia laini ya simu, nasi tulikuwa tumeiweka sakafuni nyuma ya sanduku la bati. Kumbe intaneti yake husafiri kwa mawimbi, kama redio. Chuma huyazuia, na ukuta mnene huyapunguza nguvu. Tukaipandisha juu ya meza, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Kisha tukaizima, tukangoja dakika moja, tukaiwasha tena.

Halafu tukazitazama simu zetu. Zote nne zilikuwa zikivuta kimyakimya: programu zikijisasisha, picha na video za makundi zikijipakua zenyewe. Mtungi mmoja, vikombe vinne! Tukayazima hayo yote katika mipangilio ya simu. Tukabadili na neno la siri, maana watu wa nje walikuwa wakichota bila sisi kujua. Kumsaidia jirani ni vizuri, lakini umsaidie ukijua.

Jambo la mwisho ni saa. Mnara mmoja hugawia watu wengi. Saa mbili usiku kila mtu yumo. Alfajiri wengi wamelala. Kazi nzito ifanywe wakati huo.

Ikiwa umefanya yote haya, na hata ukikaa karibu kabisa na ruta bado ni polepole, basi huenda tatizo liko kwenye mnara au kwenye kifurushi. Vifurushi vingine hupunguzwa kasi ukishatumia kiasi fulani. Waulize wenye kampuni kabla ya kutoa hata senti.

Na fomu je? Binti aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaipeleka, ikafika. Sasa yuko chuoni. Ruta ni ile ile, na mbuzi yumo zizini. Juzi amezaa mapacha.