Mtoto yuko ughaibuni? Mwombe picha ya sahani yake

Katika familia nyingi za Morogoro Mjini, habari za kijana aliye nje ya nchi siku hizi zinafika kwa picha. Simu inalia jikoni, mama anafuta mikono kwenye kanga, anafungua kundi la familia. Kijana amesimama mbele ya jengo refu, koti jipya, tabasamu hadi jino la mwisho. Shangazi wa Kihonda anaandika, "Hongera mwanetu, Mungu akutunze." Mjomba wa Bigwa anaweka alama ya moyo. Nyumba nzima inalala ikiamini mambo ni shwari.

Huenda ni shwari kweli. Lakini picha hiyo haisemi kama amekula, analala saa ngapi, ana nani wa kuzungumza naye, wala kama koti lile ni lake au ameliazima. Imepigwa ili kuwaondolea hofu waliobaki nyumbani.

Mji huu una uzoefu na safari za namna hiyo. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wamekuwa wakienda Israeli kwa mafunzo ya vitendo ya takriban miezi 11, na ushirika wa wahitimu wa chuo hicho, SUGECO, umekuwa miongoni mwa wanaoratibu safari za vijana. Wengine hutoka vyuoni kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya, wengine kujitolea au kufanya kazi za msimu. Ni miezi michache, lakini kwa mzazi ni mirefu. Tangu Oktoba 7, 2023, hofu yake imepata sura: vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israeli kwa mafunzo ya kilimo walikuwa miongoni mwa waliouawa katika shambulio la siku ile.

Hatari kama hiyo mzazi hawezi kuizuia akiwa Kilakala. Yapo mambo mengine anayoweza kuyaona mapema, kama kijana atajifunza kupiga picha za kweli na nyumbani wakajifunza kuzisoma.

Kamera kama sababu ya kutoka nje

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2023 liliunda tume ya kushughulikia upweke na kukosa uhusiano na watu. Ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2025 ilisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vijana si wachache kati yao. Kijana aliyetoka kwenye nyumba ya watu tisa, mlango wazi na majirani wanaoingia bila kubisha hodi, akijikuta kwenye chumba kimoja mahali ambapo hata salamu ni adimu, huwa kwenye hatari hiyo.

Kupiga picha hakutibu upweke, ila kunampa mtu sababu ya kuvaa viatu na kutoka. Mwaka 2018 watafiti Liz Brewster wa Chuo Kikuu cha Lancaster na Andrew Cox wa Sheffield, Uingereza, walichapisha utafiti mdogo kuhusu watu waliojiwekea utaratibu wa kupiga picha moja kila siku na kuiweka mtandaoni. Waliona kwamba utaratibu huo uliwasaidia watu kujijali, kupata watu wa kuzungumza nao, na kuwa na kitu cha kukumbuka baadaye.

Kuna na suala la mwanga. Morogoro siku ina takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima, kwa hiyo hakuna anayeuhesabu. London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni, na Juni linazama baada ya saa 3 usiku. Miezi ya giza huwaletea baadhi ya watu huzuni, usingizi mwingi na uchovu, na ushauri mmojawapo wa madaktari wa huko ni kutoka nje mchana uwepo. Anayejifunza picha anaufuata ushauri huo bila kusukumwa, kwa sababu bila mwanga hana picha.

Kamera ina upande wake wa pili. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti uliofanyika kwenye jumba la makumbusho. Washiriki walikumbuka kidogo zaidi vitu walivyovipiga picha kuliko vile walivyovitazama kwa macho tu. Ila walipovuta lenzi na kupiga sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Somo kwa kijana: picha mia za harakaharaka zinamfanya apite tu. Picha moja aliyoisogelea na kuitafakari inamfanya awe mahali pale.

Mwezi mmoja wa mazoezi kabla ya safari

Kamera ya bei mbaya haihitajiki. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mwanafunzi kwa kamera ndogo ya mtumba. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapohapo Dar, na mwaka 1984 picha alizopiga za njaa ya Ethiopia ziliiamsha dunia. Alijifunza kwa kurudiarudia. Simu janja ya kawaida yenye lenzi iliyofutwa vumbi inatosha kuanzia.

Wiki ya kwanza iwe ya mwanga. Kijana apige milima ya Uluguru kutoka mlangoni kwao saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, akiwa amesimama palepale. Ataona mwenyewe jinsi jua la pembeni linavyoonyesha mabonde na mikunjo, na jinsi jua la utosini linavyoifuta milima.

Wiki ya pili iwe ya kusogea. Aende Soko la Mawenzi au la Chifu Kingalu na kupiga kitu kimoja kwa karibu, kwa mfano mikono ya mama anayepanga nyanya. Kabla ya kuinua simu aseme, "Shikamoo mama. Naomba kupiga picha mikono yako ukipanga nyanya." Akikataliwa, ashukuru na kuondoka. Zoezi hilo linamfundisha kumkaribia mtu asiyemjua kwa heshima, jambo atakalolihitaji ugenini kila siku.

Wiki ya tatu iwe ya kusimulia. Achague kazi moja, kama bibi akipika mlenda, aieleze kwa picha tano tu bila maneno: moto, mikono, chungu, uso, sahani.

Wiki ya nne iwe ya ukweli. Apige nyumba ilivyo, bila kupanga viti wala kuondoa ndoo. Wengi hapa ndipo wanapokwama, kwa kuwa wamezoea kupiga kile wanachotaka kionekane.

Yapo na ya kiufundi. Kamera hubahatisha mwanga, na theluji au ukuta mweupe huidanganya, matokeo yake uso mweusi unatoka giza tupu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitegemee. Kijana akijiona kwenye picha ya pamoja amebaki meno na macho, ajue kasoro si yake. Aguse uso kwenye kioo cha simu, aongeze mwanga, na asisimame akiwa amelipa dirisha mgongo.

Na kila nchi ina sheria zake. Ujerumani ina sheria tangu mwaka 1907 inayotaka ridhaa ya mtu kabla ya kuchapisha picha yake. Falme za Kiarabu kumpiga mtu picha bila ridhaa kunaweza kukufikisha mahakamani. Anayekwenda kujifunza hospitalini au kutunza wazee asipige wagonjwa hata kwa nia njema. Picha iliyotumwa kwa mama tu inaweza kufika makundi kumi kabla ya jua kuzama.

Nani anaagiza picha za uongo?

Kuna jambo ambalo familia hazipendi kulisema. Mara nyingi picha za kuigiza zinaagizwa kutoka nyumbani. Kijana hajamaliza wiki mbili, hajapokea hata posho ya kwanza, tayari ametumiwa orodha: viatu namba 42, simu ya mdogo wake, ada ya binamu. Picha ya jengo refu inapongezwa na watu thelathini. Picha ya chai na mkate inajibiwa na ukimya, au na swali, "Huko ndiko ulikoenda kuhangaika?" Baada ya hapo hataituma tena. Atajifunza kupiga kile nyumba inachotaka kuona, na siku akiugua au akinyanyaswa, picha itakuwa ileile: koti, jengo, tabasamu.

Miaka ya 1960, kijana aliyekwenda kusoma Moscow au Leipzig aliweza kuingia studio mara moja, akapigwa akiwa na suti, akaandika maneno nyuma ya picha na kuituma kwa posta. Wazazi walijua ni picha ya studio na habari za kweli walizitafuta kwenye barua. Leo picha zinakuja kila siku na zinaonekana kama maisha yenyewe, ndiyo maana zinadanganya kirahisi zaidi.

Dawa yake ni kukubaliana mapema. Kabla ya safari, mzazi na kijana waafikiane picha nne za kila wiki, zisizokwenda kundi kubwa bali kwa mzazi peke yake. Picha ya sahani, kabla hajaanza kula. Picha ya mahali anapolala. Picha ya njia anayopita kwenda kazini au darasani. Na picha ya mtu mmoja anayemjua kwa jina, aliyeridhia.

Sahani inaonyesha kama anapata mboga na protini au anaishi kwa tambi za dakika mbili. Kitanda kinaonyesha blanketi, unyevu ukutani, watu wangapi chumbani. Njia inaonyesha mwanga na saa anayotoka. Mtu ndiye muhimu kuliko vyote. Miezi miwili ikipita bila uso wala jina jipya, hiyo ndiyo habari ya kuulizia.

Namna ya kuuliza nayo ina maana. "Mbona umekonda?" inafunga mlango. "Hii uliipiga saa ngapi? Nani alipika?" inaufungua. Sahani ikionyesha mkate siku nne mfululizo, mzazi asigombe, wala asiambatanishe ombi la pesa kwenye ujumbe huohuo. Na asiigeuze kuwa ukaguzi. Kijana mwenye miaka 23 ni mtu mzima, na picha anazotuma ni zawadi ya imani yake kwa mzazi. Siku akisema leo hapana, iwe hapana.

Kuna dalili ambazo si za kusubiri. Huzuni, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya kula na kuacha vitu alivyovipenda, pamoja na hiyo kamera, vikidumu wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona, na sonona inatibika. Ukimya pekee si ugonjwa, bando linaweza kuwa limeisha. Lakini ukimya ukiambatana na mabadiliko hayo, mzazi apige simu asikie sauti, kisha amhimize kijana amwone mshauri au daktari wa chuo au wa mahali pa kazi. Akizungumza juu ya kutotaka kuishi, hilo ni la dharura siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, namba ya msimamizi wake, ya Mtanzania mwenzake wa karibu na ya ubalozi ziandikwe kwenye daftari nyumbani kabla hajaondoka, zisikae kwenye simu yake tu.

Akirudi

Wengi wakirudi simu huibwa, au hujaa na kufutwa, na miezi yote ile ikapotea. Familia ikae naye jioni moja, ichague picha kumi, izisafishe kwenye studio yoyote mjini, na nyuma ya kila moja aandike mwenyewe tarehe, mahali na jina. Mazungumzo ya jioni hiyo yatatoa mambo ambayo hayakusemwa kwa simu: siku aliyopotea njia, bosi aliyemfokea, jirani aliyemletea supu alipougua.

Wazazi wawe tayari kusikiliza bila kushtuka. Na wasishangae kama kati ya picha kumi alizochagua, ya jengo refu haimo.