*TAARIFA YA TAWI: TUSIUZIWE HOFU KWENYE KOMPYUTA ZETU*

Ndugu wanachama na wakazi wa Karatu na Ngorongoro,

Vijana wetu waongoza watalii na wenye nyumba za wageni hupokea oda kwa baruapepe kwenye kompyuta za nyumbani. Wapo wanaoambiwa kuwa wasipolipia programu ya ziada ya kukagua baruapepe, kompyuta itakufa. Tawi linatoa msimamo wake.

*Ukaguzi huo wa ziada si lazima.* Anayetumia Gmail, viambatisho vyake hukaguliwa virusi kabla hajavifungua. Kikipenya kimoja, Microsoft Defender, kinga inayokuja bure ndani ya Windows 10 na 11, hukikagua kinapohifadhiwa au kufunguliwa. Kibali kikishakaguliwa Lango la Loduare, hatumlipi mtu mwingine akikague tena hatua mbili mbele.

*Lakini kinga yenyewe ni lazima.* Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilikwamisha hadi hospitali za Uingereza. Kilijisambaza chenyewe kupitia mtandao, kikaingia kwenye Windows zisizosasishwa, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi. Tunajua wengi huzima masasisho ili kuokoa bando. Ndugu, huko ni kuokoa senti na kuacha mlango wazi. Tenga bando la kusasisha, na kagua kila flashi inayotoka steshenari kabla ya kuifungua.

*Hatari kubwa zaidi haina kirusi.* Tapeli huandika kwa jina la wakala wa safari: "Akaunti yetu ya benki imebadilika, tuma malipo huku." Hayo ni maneno matupu, hayana kirusi cha kunaswa. Kabla ya kutuma hata shilingi, piga simu kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Ukitapeliwa, wahi benki na Polisi; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo.

Tunaziomba Halmashauri zetu mbili ziingize elimu hii kwenye mafunzo ya vikundi vya mikopo ya asilimia 10. Kijana anayekopeshwa kununua kompyuta afundishwe na kuilinda, la sivyo mkopo utaishia mikononi mwa matapeli na deni litabaki kwake.

Wasomee na wazee wasio na simu janja.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*