Bei ikipanda, wengi hununua kadogo na kulipa zaidi

Mwaka 2022, pakiti ya kilo 2 ya unga ilipita Sh200 nchini Kenya. Mwaka uliofuata, VAT ya petroli na dizeli ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na nauli pamoja na usafirishaji wa vyakula vikaguswa. Kwa familia za vibarua, jibu ni lile lile: kadogo.

Sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni kipande. Anayelipwa jioni hununua ya jioni hiyo.

Shida iko kwenye hesabu. Tuseme lita ya mafuta ya kupikia ni Sh300 na robo lita ni Sh85. Ukinunua robo nne, umelipa Sh340. Hizo Sh40 zingenunua sukuma. Mwenye pesa kidogo ndiye analipishwa zaidi.

Lakini mwenye duka la mtaa ndiye pia huandika deni kwenye daftari kibarua kikikosa. Supamaketi haikopeshi.

Kuna majirani wanaochanga, wananunua jerikeni moja na kugawana. Inasaidia, mradi wote wawe na pesa siku moja. Hapo ndipo mpango hukwama: hesabu wanaijua, ila pesa ya kesho haijaingia.